Simba Yuko Wapi?

Kuna swali linaloulizwa sebuleni karibu kila familia inaporudi kutoka mbugani. Simu inapita mkono kwa mkono, shangazi anavaa miwani yake, anaisogeza karibu na uso, kisha anauliza: "Haya, simba mwenyewe yuko wapi?" Mwenye simu anaonyesha kwa ncha ya kidole. Pale chini ya mgunga kuna kitu cha rangi ya majani makavu, kidogo kama punje ya mtama. Ndiye huyo. Waliokuwa garini wanamkumbuka alivyopiga miayo, alivyojinyoosha, alivyowatazama mmoja mmoja kabla ya kurudi kulala. Kwenye picha hakuna hata chembe ya habari hizo.

Mazungumzo ya leo yanamhusu shangazi huyo na swali lake. Yanamhusu pia msafiri anayejiandaa kwenda Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, mwenye uwezo wa kununua, kuazima au kukodi kifaa kimoja tu cha maana, na anayetaka kujua kiwe kipi.

Tatizo la simba yule si ubovu wa simu. Ni umbali, na umbali una hesabu yake ambayo mtoto wa darasa la saba anaiweza. Chukua urefu wa lenzi kwa milimita, zidisha kwa kimo cha mnyama, gawanya kwa umbali wake kutoka garini. Kimo na umbali vyote viwe kwa mita. Jibu ni ukubwa wa mnyama, kwa milimita, juu ya kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga mahali ilipokaa filamu zamani. Kwenye kamera ya fremu kamili, ambayo kihisi chake kinalingana na filamu ya milimita 35, kibamba hicho kina kimo cha milimita 24.

Simba aliyesimama hufika mita moja hivi begani. Akiwa mita 50 kutoka barabarani, kamera kuu ya simu nyingi, ambayo mtazamo wake unalingana na lenzi ya milimita 26, humpa nusu milimita. Nusu milimita kati ya 24! Ndiyo ile punje ya mtama. Simu yenye lenzi ya kuvuta mara tano, inayolingana na milimita 120, humpa milimita 2.4, sehemu ya kumi ya kimo cha picha. Lenzi ya milimita 300 humpa milimita 6, robo ya picha. Ya 600 humpa milimita 12, nusu nzima, na hapo macho yanaonekana na makovu ya puani yanahesabika.

Wapo wanaosema kwamba kioo cha simu kinavutika kwa vidole viwili, basi shida iko wapi? Vidole havimleti simba karibu. Vinakata picha na kuitanua sehemu iliyobaki, na kilichobaki ni kidogo mno kuweza kutanuliwa.

Hesabu hiyo hiyo hutoa jibu tofauti kila hifadhi. Tarangire wakati wa kiangazi, kuanzia Julai hadi Oktoba, makundi ya tembo hushuka mtoni kunywa maji, na mara nyingi hupita karibu kabisa na magari. Tembo wa mita tatu akiwa umbali wa mita 20 hujaza robo tatu ya kimo cha picha kwa ile simu ya kuvuta mara tano. Mwenye simu ya namna hiyo hana sababu ya kujidharau mbele ya tembo wa Tarangire, wala mbele ya mibuyu yake.

Ngorongoro ni kinyume. Sakafu ya kreta ina ukubwa wa kilomita za mraba 260 hivi, magari hayaruhusiwi kutoka barabarani, na faru weusi wanapenda kukaa mbali. Faru wa mita moja na nusu akiwa umbali wa mita 500 hupata milimita 1.8 tu, hata kwa lenzi ya 600. Mtu aliyelipa fedha nyingi kwa ajili ya lenzi hiyo atarudi na kidoa cheusi kwenye nyasi. Kwa faru wa Ngorongoro kifaa kinachofaa ni darubini, na darubini nzuri ya 8x42 ni ununuzi wa busara kuliko nusu ya vitu vinavyowekwa kwenye mikoba ya kamera. Faru huyo atazamwe. Si lazima apigwe picha.

Sasa dukani. Muuzaji ataanza na kamera yenyewe: ina megapikseli ngapi, inapiga picha ngapi kwa sekunde, kioo chake kinakunjuka vipi. Mnunuzi aliyefanya hesabu ile ya simba ataanza na lenzi. Kamera ya miaka kumi iliyopita yenye lenzi ya kufika mbali itampiga simba vizuri kuliko kamera mpya kabisa yenye lenzi fupi iliyokuja nayo kwenye boksi. Fedha ziende kwenye lenzi.

Njia ya kwanza, ya bei nafuu kwa leo, ni ya mitumba. Tangu mwaka 2018, Canon na Nikon walipoanza kuhamia kwenye mifumo yao mipya ya kamera zisizo na kioo cha ndani, watu wengi wameuza zile za zamani zenye kioo hicho, ziitwazo DSLR, na bei zake zimeshuka. DSLR nyingi za kawaida zina kihisi kidogo kuliko fremu kamili, na kwa safari ya mbugani udogo huo ni neema: mnyama yule yule hujaza sehemu kubwa zaidi ya picha. Lenzi ya Canon ya milimita 55 hadi 250, ambayo toleo lake la STM lina gramu 375 tu, kwenye kamera hizo hutazama kama lenzi ya milimita 400. Simba wetu wa mita 50 anajaza theluthi ya kimo cha picha. Shangazi atamwona bila kuuliza. Kwa familia nyingi, seti hiyo inatosha, na ipendekezwe bila kigugumizi.

Wanaoishi pwani wawe na tahadhari moja. Unyevu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar huotesha kuvu ndani ya lenzi zilizofungiwa kabatini. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aitazame lenzi kwa kuimulika na tochi ya simu kutoka upande wa pili. Akiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, airudishe. Kuzisafisha ni kazi ya fundi, na mara nyingi alama hubaki.

Njia ya pili ni kamera yenye lenzi isiyotoka, inayovuta mbali sana. Nikon P1000, iliyotoka mwaka 2018, huanza kwenye mtazamo wa milimita 24 na kufika 3000, namba ambayo kwenye lenzi ya kawaida ingehitaji kitu kirefu kama mzinga. Sony RX10 IV ya mwaka 2017 huishia 600, lakini kihisi chake ni kikubwa zaidi, na tofauti hiyo huonekana jua linapokuwa chini. Hapa P1000 hutongoza kwa namba. Milimita 3000 mikononi mwa mtu aliyesimama ndani ya gari ni kazi ngumu hata kumpata mnyama ndani ya fremu, na kihisi chake kidogo hutoa picha za chengachenga mapema asubuhi. Mtu anayechagua kati ya hizo mbili, na anayependa wanyama wa alfajiri, achukue Sony.

Njia ya tatu ni kukodi au kuazima, na hapa mijini kuna hazina ambayo wasafiri huisahau: wapiga picha wa harusi. Wengi wao wana lenzi ya milimita 70 hadi 200 yenye tundu la kupitishia mwanga la f/2.8. Peke yake ni fupi kwa Serengeti. Ikiwekewa kiongezi cha mara mbili, kale kadude kanakokaa kati ya lenzi na kamera, inakuwa 140 hadi 400 na tundu lake linakuwa f/5.6. Si kali kama lenzi iliyozaliwa 400, lakini kwa safari ya siku nne inatosha. Muhimu ni kuomba siku ambazo hazina harusi.

Kwa wenye uwezo zaidi, uamuzi unakuwa wa uzito. Canon wana lenzi ya RF ya 100 hadi 400 yenye gramu 635. Sony wana ya 200 hadi 600 yenye kilo mbili na zaidi kidogo, sawa na kushika mfuko wa sukari wa kilo mbili mbele ya uso, dakika ishirini, huku chui akiwa bado hajaamua kushuka mtini. Wanaoruka kwa ndege ndogo hadi Seronera, katikati ya Serengeti, wakumbuke pia kwamba mizigo yao kwa kawaida haitakiwi kuzidi kilo 15, na nguo ni humo humo.

Wepesi wa ile lenzi ya Canon ya gramu 635 una bei yake, na bei hiyo hulipwa kwa mwanga. Karibu na ikweta jua halizungukizunguki. Serengeti jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja asubuhi, likapanda wima, na ule mwanga wa dhahabu ambao nchi za kaskazini hukaa nao muda mrefu, huku huondoka upesi. Simba huwinda zaidi usiku, na mara nyingi huonekana bado wakitembea katika muda huo mfupi, sawa na duma, mwanga ukiwa bado kidogo. Lenzi yenye f/5.6 hupokea robo ya mwanga unaopokelewa na f/2.8. Yenye f/8, kama ile nyepesi ya Canon ikivutwa hadi 400, hupokea sehemu moja ya nane. Upungufu huo hufidiwa kwa kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na ISO ikipanda chenga huongezeka.

Wengi huziogopa chenga kupita kiasi. Wanaacha ISO chini, shata inakuwa ya pole, na duma anatoka kama moshi. Programu za leo huzisafisha chenga vizuri sana; picha iliyotikisika hakuna programu ya kuinyoosha ikawa ya kuaminika. Kwa mnyama aliyetulia, mpiga picha ahakikishe namba ya shata haipungui urefu wa lenzi: lenzi ya 400, shata 1/400 ya sekunde au zaidi. Kwa anayekimbia au ndege anayeruka, aanze na 1/2000. ISO ifike itakapofika.

Halafu kuna gari, na juu ya gari ndipo safari nyingi huharibikia. Landkruza yenye paa la kufunguka hubeba watu sita au saba, na wote husimama kwa wakati mmoja simba anapoonekana. Mmoja anahama upande, mwingine anafuata biskuti, gari linayumba, na injini ikiwa inanguruma mtikisiko unapanda hadi kwenye viwiko. Stendi ya miguu mitatu haina pa kusimama humo. Kinachofaa ni kifuko cha maharage: kitambaa kigumu kilichoshonwa kama mto mdogo, kilichojazwa kilo mbili za maharage makavu, kikalazwa ukingoni mwa paa au dirishani, na lenzi ikazamishwa juu yake. Msafiri hukibeba kikiwa tupu kutoka nyumbani na kukijaza sokoni Arusha au Karatu. Fundi cherehani yeyote anakishona kwa nusu saa. Safari ikiisha, maharage yanapikwa.

Na dereva aombwe azime injini. Aambiwe tangu asubuhi, kwa adabu, kwamba abiria wake wanapenda picha. Madereva waongozaji wa mbugani wamewaona wapiga picha wa kila namna, na mwenye uzoefu ataliweka gari jua likiwa nyuma ya abiria, atasimama mbele ya mnyama anakoelekea badala ya kumfukuzia nyuma, na atajua ni wakati gani magari yamemzidi duma na ni vyema kuondoka. Hakuna kifaa cha dukani kinachofanya kazi hiyo. Asishawishiwe kutoka barabarani ndani ya Serengeti. Ni marufuku, faini na lawama ni zake, na nyasi zilizokanyagwa hubaki na alama muda mrefu baada ya wageni kurudi makwao.

Vumbi la kiangazi kati ya Ngorongoro na Lango la Naabi, la kuingilia Serengeti, ni laini kama unga wa sembe, na huingia popote. Anayebadilisha lenzi barabarani hapo hulialika ndani ya kamera, kisha kila picha ya anga inatoka na madoa yale yale. Kwa hiyo, kwa maoni ya mazungumzo haya, mpango bora kwa msafiri wa kawaida ni huu: lenzi ndefu ifungwe kwenye kamera tangu asubuhi hotelini na isitolewe hadi jioni, na simu ndiyo iwe lenzi pana. Simu za leo ni hodari kwa mandhari. Pale ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, sakafu ikiwa mita 600 chini na ukungu ukianza kupasuka, simu itafanya kazi ambayo lenzi ya 400 haiwezi kabisa. Kamera ifunikwe kwa kanga au foronya muda wote gari linapotembea. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na kanga ilikuwa bora kuliko mfuko hata kabla ya hapo.

Mchana kuna adui mwingine asiyeonekana. Ardhi ikishapata moto, hewa juu yake hucheza, yale mazigazi yanayofanya barabara ionekane ina maji. Lenzi ndefu huyakuza mazigazi pamoja na mnyama. Pundamilia wa mita 200 saa saba mchana hutoka mistari yake imelegea, na mwenye kamera huilaumu lenzi bure. Hapo dawa ni kumsogelea mnyama, au kula chakula cha mchana na kusubiri saa kumi.

Mandhari yasitengwe na wanyama kana kwamba ni safari mbili. Mwaka 2014 Mmarekani Michael Nichols alipata tuzo ya Mpiga Picha Bora wa Wanyamapori wa Mwaka, ambayo hutolewa na Makumbusho ya Historia ya Viumbe ya London. Picha yenyewe ilipigwa Serengeti: simba jike watano na watoto wao wamelala juu ya mwamba, nyuma yao tambarare na anga lenye mawingu mazito, yote kwa rangi nyeupe na nyeusi. Kundi hilo la simba linaitwa Vumbi. Nichols alikuwa amelifuata kwa karibu miezi sita. Nguvu ya picha ile imo katika nchi inayowazunguka wanyama; angevuta hadi uso wa simba mmoja, Serengeti ingepotea. Mwingereza Nick Brandt alikwenda mbali zaidi: kwa miaka mingi aliwapiga picha tembo na simba wa Afrika Mashariki kwa kamera ya filamu ya Pentax 67 bila lenzi ndefu kabisa, akisubiri hadi mnyama awe karibu.

Msafiri wa siku nne hana miezi sita. Anachoweza kufanya ni kujizuia kidogo: akishapata uso wa simba, arudishe lenzi nyuma, apige nyingine yenye mti, mwamba na wingu. Na kuna mandhari ambayo hutaka lenzi ndefu. Ile picha maarufu ya tembo wa Amboseli, Kenya, chini ya Kilimanjaro hupigwa kutoka mbali kwa lenzi ndefu, ili mlima wa mita 5,895, ambao uko ng'ambo ya mpaka, upande wa Tanzania, usimame mkubwa nyuma ya migongo yao. Kwa lenzi pana mlima huo hunywea ukawa kilima. Hupigwa alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika.

Vya kuacha nyumbani ni vingi. Droni iachwe, kwa sababu kurusha hifadhini bila kibali maalumu ni kosa, na mlio wake huwatisha wanyama. Shati la bluu iliyokoza au jeusi liachwe pia. Mbung'o wa Tarangire na Serengeti huvutwa na rangi hizo, na ni vigumu kushika kamera kwa utulivu huku mtu anajipiga shingoni. Badala yake iongezwe betri ya pili, na chaja ya kuchomeka garini.

Jambo moja bado, na lifanywe wiki mbili kabla ya kuondoka. Kamera iliyofunguliwa kwenye boksi usiku wa kuamkia safari itamsaliti mwenyewe, kwa sababu duma akianza kukimbia hakuna muda wa kutafuta kitufe. Mkazi wa Dar es Salaam ana uwanja wa mazoezi wa bure: soko la samaki la Feri, lenye kunguru wasiotulia, weusi, wepesi, wanaobadili njia hewani bila taarifa. Aweke shata 1/2000, aache kamera imfuate ndege yenyewe, apige mia mbili na kufuta mia na tisini. Akianza kupata jicho la kunguru likiwa kali, atampata na duma. Aende alfajiri, mashua zinapoingia. Kunguru watakuwa wameshafika.